Kikao cha kesi kisichokufa mwezi wa tatu: mwongozo kamili kwa watoa huduma za afya ya akili Nyanda za Juu Kusini

Kila baada ya semina ya afya ya akili napokea simu zilezile. Wiki ya kwanza: "Sista, tumerudi na moto, tutakuwa tunakutana kila mwezi kujadili wagonjwa." Mwezi wa pili: "Sista, tulikuwa watatu tu." Mwezi wa tatu simu haiji. Nikipiga mimi, naambiwa aliyekuwa na kitabu amehamishiwa Chunya.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo moja inayowashinda wengi: kuanzisha kikao cha kesi cha kila mwezi, yaani mkutano wa kujadili wagonjwa, kwa watu wanaohudumia wagonjwa wa akili kwenye zahanati na vituo vya afya, na kukifanya kidumu. Nimeuandika nikiwafikiria matabibu, wauguzi, maafisa ustawi wa jamii na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe.

Hauchukui nafasi ya mafunzo wala ya daktari bingwa. Semina inakufundisha dalili za sonona, ile huzuni nzito isiyoisha. Haikuambii ufanye nini Jumanne saa 4 asubuhi, foleni ya chanjo imefika getini na mama mmoja amekaa mbele yako analia, hasemi kitu. Hilo unajifunza kwa wenzako, kidogo kidogo, mkizungumzia mgonjwa mliyemwona kweli.

## Andaa hivi kwanza

- Watu 4 hadi 8. Wakizidi 8, wawili watakuwa wanachezea simu.
- Chumba chenye mlango unaofungika. Chini ya mti panapendeza, lakini wagonjwa wenu na ndugu zao wanapita hapo.
- Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, wa kuwatibu wagonjwa wa akili pasipo na daktari bingwa. Toleo la 2.0 la mwaka 2016 ndilo lililoenea. Nakala moja iliyochapwa inatosha, nyingine ziwe kwenye simu.
- Kaunta buku moja ya kikao, ikae kwenye kabati lenye kufuli.
- Karatasi tupu za kesi (nitaeleza hatua ya 4).
- Simu moja yenye spika nzuri na vocha.
- Mlezi wa kikao: mtu mwenye uzoefu zaidi yenu, anayepatikana kwa simu.
- Orodha ya dawa za akili na kifafa zilizopo dirishani siku hiyo, si zile zinazotakiwa kuwepo.
- Chai ya moto na kitu cha kutafuna. Usicheke. Mwezi wa 6 na wa 7 Makete na Njombe, chumba kisicho na chai watu wanakaa nusu saa wakiwa wamekunja mikono makwapani.

Visivyohitajika: projekta, tisheti na posho ya kikao. Posho niieleze. Kikao kilichoanza na posho hufa siku posho inapokatika, na hukatika. Nauli ya anayetoka mbali ni jambo jingine. Hiyo itafutiwe njia (hatua ya 8).

## Hatua ya 1: Pata barua kabla ya kupata tarehe

Mwandikieni Mganga Mfawidhi barua ya ukurasa mmoja: nani watakutana, wapi, mara ngapi, dakika ngapi, na nani atabaki na wagonjwa muda huo. Ombeni ajibu kwa maandishi, nakala iende kwa mratibu wa afya ya akili wa wilaya.

Sababu ni uhamisho. Ruhusa ya mdomo huondoka na aliyeitoa. Bosi mpya akifika na kukuta wauguzi wawili wamejifungia chumbani saa 8 mchana, atauliza, na jibu la "tulikubaliana na yule aliyeondoka" halina miguu.

Mtajua hatua imekamilika pale kikao kitakapoandikwa kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani, kama inavyoandikwa kliniki ya wajawazito.

## Hatua ya 2: Chagua siku isiyogombewa

Siku ya CTC (kliniki ya matibabu ya VVU), siku ya mnada na siku za kufunga MTUHA (taarifa za huduma za kituo) zifuteni kabisa. Wiki ya pili au ya tatu ya mwezi, saa 8:00 mchana hadi saa 9:30 alasiri, imewafaa wengi niliofanya nao kazi, kwa sababu foleni imepungua na wa mbali anawahi gari la kurudi.

Siku ikishapangwa isihamishwe. Kikao kinachohamishwa "mara hii tu" huwa kimeanza kufa. Kuanzia Desemba hadi Aprili barabara za Makete, Ileje na Busokelo zinajulikana. Atakayeshindwa kufika aunganishwe kwa simu, lakini siku ibaki ileile.

## Hatua ya 3: Watu, na hasa nani asiwe mwenyekiti

Changanyeni kada. Tabibu anajua dozi, muuguzi anajua nani hakulala, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anajua nyumbani kuna nini. Mtu wa dawa awepo pia, hata kama ni muuguzi anayeshika dirisha. Nimeona vikao vya matabibu watupu. Vinageuka haraka kuwa mashindano ya majina ya dawa.

Sasa kosa langu mwenyewe. Kikao cha kwanza nilichoanzisha, kwenye wilaya ambayo sitaitaja, nilimpa uenyekiti mtu wa ofisini aliyekuwa anakuja na fomu ya ukaguzi. Mwezi wa kwanza aliuliza kwa nini rejista haijajazwa safu ya mwisho. Mwezi wa pili aliuliza tena, mbele ya wenzake wote, akimtazama tabibu mmoja kijana. Mwezi wa tatu yule tabibu alikuwa na dharura, na mwenzake naye, na mwenzake. Niliwalaumu. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa kwamba mimi ndiye niliyewafundisha kuficha.

Usimamizi shirikishi una mambo mawili ndani yake: kukagua kazi na kumshika mkono mfanyakazi. Yote yanahitajika, lakini si siku moja wala kwa mdomo mmoja. Mtu anayeweza kukuandikia barua ya kujieleza hawezi saa hiyohiyo kuwa mtu unayemwambia "nilimpa dawa isiyo sahihi". Mkaguzi apewe siku yake.

Uenyekiti uzunguke kila mwezi. Mlezi asiwe mwenyekiti. Kazi yake ni kusikiliza na kusahihisha panapokuwa na hatari. Mtafuteni kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa au hospitali ya misheni iliyo karibu. Si lazima awe daktari bingwa wa akili. Muuguzi mwenye diploma ya afya ya akili na miaka kadhaa wodini anatosha kwa kesi nyingi za zahanati. Mwombeni vitu viwili vyenye mpaka: dakika 30 za simu siku ya kikao, na muda wa saa moja kila wiki, kwa mfano Alhamisi kuanzia saa 2 usiku, ambao mnaweza kumpigia. Ukimwomba mtu "awe anapatikana muda wote", atakubali, halafu hatapokea.

## Hatua ya 4: Karatasi ya kesi

Hapa ndipo kikao kinapopona au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila mwezi watu wawili waandike kesi moja kila mmoja, ukurasa mmoja, wiki moja kabla. Karatasi ina mistari saba:

1. Umri na jinsia. Basi. Hakuna jina, kijiji wala jina la balozi wa nyumba kumi.
2. Maneno ya mgonjwa au ndugu, kama yalivyotoka mdomoni.
3. Lilianza lini, na kabla ya hapo mtu huyu alikuwaje.
4. Nilichopima: joto, shinikizo la damu, sukari, malaria, na kadhalika.
5. Nilichofanya, pamoja na dozi.
6. Ninachoogopa.
7. Swali langu.

Mstari wa 2 ndio watu huuruka, wakaandika "ana sonona". Huku kwetu hakuna mtu aliyewahi kuja dirishani akasema ana sonona. Wanasema moyo unakwenda mbio, kichwa kinachemka, mwili hauna nguvu, mawazo hayaishi. Bibi wa Ludewa au Rungwe atayasema kwa lugha yake, na mjukuu atayafupisha yakawa "anaumwa kichwa". Ukiandika jina la ugonjwa badala ya maneno, wenzako hawana tena cha kufikiri. Hapa mhudumu wa afya ngazi ya jamii ana thamani kuliko sisi wote, maana anajua neno lile kwa Kipangwa au Kinyakyusa lina uzito gani.

Mfano. Nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha mtu.

*Mwanaume, 41. Ndugu: "Alikuwa mzima kabisa. Juzi usiku akaanza kuona panya ukutani, anatetemeka, anapigana na hewa." Alilazwa siku 3 zilizopita, alivunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda. Joto 37.9. Malaria hakuna. Sukari haikupimwa. Nimempa haloperidoli mara 2. Naogopa atajiumiza. Swali: nimpe rufaa ya Mirembe?*

Chumba kizima kilianza kujadili rufaa ya Dodoma, iliko Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili: gari, mafuta, ndugu wa kumsindikiza. Kisha mama mmoja, mhudumu wa jamii, akauliza polepole: "Huyo baba, kabla hajaja hapa, alikuwa anakunywa?"

Ulikuwa msimu wa ulanzi. Alikuwa anakunywa tangu asubuhi, na jioni anamalizia na gongo. Wodini alikaa siku tatu bila tone. Kutetemeka, jasho, kuona wadudu na kuchanganyikiwa kuanzia siku ya 2 hadi ya 4 baada ya kinywaji cha mwisho: mwili ulikuwa unadai pombe, na hali hiyo inaweza kuua. Anahitaji diazepamu kwa dozi inayosimamiwa, vitamini B1, maji, sukari kupimwa, na kuangaliwa usiku. Haloperidoli, dawa ya kumtuliza aliyerukwa na akili, peke yake haigusi kiini, na inaweza kumsogeza karibu na degedege. Barabara ya Dodoma ilikuwa jambo la mwisho analohitaji.

Tabibu aliyeleta kesi ile alijiinamia. Tulimpongeza, na haikuwa pongezi ya kumfariji. Swali lake lilikuwa kosa, lakini aliliandika, na kwa kuliandika tuliona fikra zilipokata kona. Sasa kila mtu pale anauliza habari za pombe kwenye wodi ya majeruhi.

Tahadhari. Kesi ya mtu anayetishia kujiua, aliye na degedege isiyokoma, au aliyechanganyikiwa ghafla akiwa na homa, haisubiri siku ya kikao. Piga simu leo, mpe rufaa leo. Kikaoni italetwa baadaye, kama funzo.

Mnajua hatua hii imeshika pale swali la mstari wa 7 linapoacha kuwa "nifanyeje?" na kuwa kitu kama "dawa ya sonona, amitriptilini, ina wiki 3, usingizi umerudi lakini bado halii wala hacheki. Niongeze au nisubiri?"

## Hatua ya 5: Dakika 90, zikatwe hivi

Dakika 10: waliopita. Anzeni na wagonjwa wa mwezi uliopita. Amerudi? Anameza? Mkiruka sehemu hii, kikao kinakuwa hadithi mpya kila mwezi na hakuna anayejua kama ushauri wenu ulifanya kazi.

Dakika 35: kesi mbili. Mwenye kesi asome, halafu anyamaze. Wengine waulize maswali tu kwa dakika tano, ushauri marufuku. Utaona jinsi ilivyo ngumu. Watu wanataka kutoa dozi kabla hawajajua mgonjwa ana watoto wangapi. Baada ya hapo fungueni mhGAP kwenye sura husika, mfuate hatua kwa kidole. Mlezi aunganishwe kwenye simu mwishoni, akute mmeshafikiri.

Maswali matatu ambayo huku kwetu nisingekubali kesi ipite bila kuulizwa:

Dawa za VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulikuta maambukizi kwa watu wazima Njombe ni asilimia 11.4, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3, yaani viwango vya juu nchini. Kabamazepini, fenobabitoni na fenitoini ni dawa za kifafa zinazopunguza nguvu ya dolutegravir, dawa ya VVU, mwilini. Ukimwanzishia mtu dawa ya kifafa bila kuongea na wenzako wa CTC, unaweza kutibu kifafa ukaharibu matibabu ya VVU.

Kifafa kilichoanza ukubwani. Kwenye maeneo ya nguruwe wanaozurura, Mbozi ikiwemo, fikirieni mabuu ya tegu kwenye ubongo kabla ya kuandika "kifafa" na kufunga faili.

Ujauzito. Mwanamke wa umri wa kuzaa asianzishiwe valproeti, dawa nyingine ya kifafa, kiholela. Ina madhara makubwa kwa mtoto aliye tumboni. Kabamazepini nayo inadhoofisha vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango.

Dakika 20: igizo dhima. Watu wanaliona la kitoto na kutaka kuliruka. Msikubali. Kujua kwamba inabidi umuulize mgonjwa kuhusu kujiua ni jambo moja. Maneno kukutoka mdomoni ni lingine, hasa ukiwa na miaka 26 na mbele yako amekaa mtu wa umri wa baba yako. Fanyeni hivi, mmoja mzee, mmoja muuguzi:

— Kamwene, baba. Shikamoo.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, naomba unisamehe, nitakuuliza jambo zito, nami nauliza kila anayebeba mzigo kama wako. Kuna watu hufika mahali wakaona bora wasingekuwepo. Wewe imewahi kukufika?

— (kimya) Imenifika.

— Pole sana, baba. Umefikiria kujiua?

— Nimefikiria.

— Kwa njia gani?

— Dawa ya viazi ipo ndani.

Angalieni muuguzi anavyoshuka ngazi moja moja, na neno "kujiua" linatajwa waziwazi. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo. Wengi hupumua, kwa sababu mtu amewauliza hatimaye. Muuguzi asipoweza kulitamka, rudieni mpaka litoke.

Kisha igizo liendelee hadi kitendo: nani yupo nyumbani, nani atakuja kuichukua ile dawa na kuifungia kwa jirani leo, nani atalala naye, atarudi siku gani. Huku kwetu viuatilifu vya viazi, chai na mahindi hukaa chini ya kitanda. Kuviondoa karibu na mtu aliye hatarini kunaokoa maisha. Na dawa zenu pia: amitriptilini ya mwezi mzima mkononi mwa mtu anayewaza kufa ni sumu nyingine. Toeni ya siku chache, mumkabidhi ndugu.

Dakika 10: dirisha la dawa. Kipi kimebaki, kipi kitaisha kabla ya kikao kijacho, nani ana ziada. Mgonjwa wa kifafa akikatishwa fenobabitoni ghafla anaweza kupata degedege mfululizo, kwa hiyo hili ni suala la uhai na si la stoo. Zahanati mbili zikijulishana mapema, moja huazima kwa mwenzake kwa utaratibu wa wilaya kabla hayajatokea ya kutokea.

Dakika 15 za mwisho zina hatua yake.

## Hatua ya 6: Dakika 15 za ninyi wenyewe

Kaunta buku ifungwe. Hakuna kuandika. Mwenyekiti aulize: "Mwezi huu, kipi kimekulalia moyoni?" Asiyetaka kusema aseme "napita".

Mwanzoni watapita wote. Msihangaike. Kwenye kikao kimoja tulipita miezi miwili, tukinywa chai tu. Wa tatu, dada mmoja akasema wenzake kazini wanamwita "daktari wa vichaa", na kwamba alicheka nao ila akifika nyumbani hacheki. Baada ya hapo mlango ulifunguka.

Kuna mambo ya kuyatazama kwa wenzenu. Uchovu wa kazi, kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, una sura tatu: mtu kuishiwa nguvu, moyo wake kujitenga na kazi au kuikejeli, na kuona hafanyi tena kitu cha maana. Ya pili ndiyo huonekana kwanza huku kwetu. Muuguzi aliyekuwa mpole anaanza kusema "hao wanajifanya tu". Usimkemee. Muulize analala saa ngapi, na amekaa zamu za usiku ngapi mfululizo. Mara nyingi dawa iko kwenye ratiba: zamu ipungue, mtu wa pili aongezwe usiku, likizo aliyokataa kuichukua aichukue. Msimpe mtu semina ya kupumua wakati anachohitaji ni mwenzake wa zamu.

Aliyepigwa na mgonjwa asirudishwe wodini siku hiyo peke yake. Atibiwe, tukio liandikwe, na mwezi huo kikao kijadili namna ya kumtuliza mgonjwa kabla ya kumshika: mtu mmoja ndiye azungumze, sauti ya chini, njia ya kutokea isizibwe, vyombo vyenye ncha viondolewe.

Mgonjwa wenu akijiua, kutaneni ndani ya siku chache. Kutaneni kwa chai na kwa kukaa pamoja. Msimlazimishe mtu kusimulia alichokiona. Desturi ya kumkalisha kila mtu chini aeleze tukio zima mara moja haipendekezwi tena. Kwa wengine hukomaza jeraha. Muulize anahitaji nini, msaidieni kazi, mwangalieni wiki zinazofuata. Uchambuzi wa "wapi tuliteleza" uje baadaye, siku nyingine.

Na mtoa huduma akiumwa mwenyewe, sonona au pombe, asitibiwe kwenye kituo chake. Hakuna muuguzi atakayekubali faili lake lipitie mikono ya anayekula naye chakula cha mchana. Mlezi atafute njia kwenye kituo kingine, kimyakimya.

Alama ya kufanikiwa hapa ni ndogo: siku moja mtu atasema "nilikosea" bila kutazama mlango.

## Hatua ya 7: Kati ya kikao na kikao

Kundi la WhatsApp linafaa kwa mambo mawili: kukumbushana tarehe na kutangaza dawa zilizopungua. Kesi zisiwekwe humo. Nimeona picha ya kadi ya mgonjwa, jina linasomeka, ikizunguka makundi matatu. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sheria kando, Mafinga au Tukuyu ni mji mdogo. Kwa kesi, piga simu kwa mlezi kwenye saa yake.

Baada ya simu, andika kwenye faili la mgonjwa ulichoambiwa na dozi uliyoelekezwa, ukiwa bado umeshika kalamu. Dozi ya kusikia kwa simu hurudiwa kwa sauti: "Umesema nusu kidonge usiku, siyo viwili?"

## Hatua ya 8: Ingizeni kwenye bajeti

Fupi, kwa sababu ni kazi ya karatasi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango hupikwa miezi mingi kabla. Ukienda Juni umechelewa. Mwone mratibu wa wilaya mapema, mpe ukurasa mmoja wenye namba tatu kutoka kwenye kaunta buku: vikao vilivyofanyika, watu waliohudhuria, kesi zilizojadiliwa. Ongeza mstari mmoja wa kitu kilichobadilika, kama ule wa pombe kwenye wodi ya majeruhi. Ombeni nauli ya wa mbali, vocha na chai, viingie kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Ukiomba kidogo chenye namba, unasikilizwa. Ukiomba "mradi wa kujenga uwezo", karatasi yako inalala.

## Panapokwama

*Hakuna aliyeandika kesi.* Msiahirishe. Mwenyekiti achukue mgonjwa wa mwisho aliyemwona, hata kama alikuja kwa kikohozi, na muulizane: je, kulikuwa na kitu nyuma yake?

*Mmoja anaongea peke yake.* Kwa kawaida ndiye mwenye cheo. Mpe kazi ya kuandika.

*Mlezi hapokei simu mara mbili mfululizo.* Tafuta wa pili, na wa kwanza abaki. Wawili wakipokezana miezi, hakuna anayechoka.

*Mjuzi wenu amehamishwa.* Hili litatokea. Ndiyo maana uenyekiti unazunguka na kitabu kina kabati. Atakapoondoka, mwombeni aanzishe chake huko aendako, na yeye awe mtu wa kupigiwa.

*Wamekuja wawili tu.* Fanyeni kikao. Someni kesi moja, igizeni dakika kumi, kunyweni chai, andikeni kwenye kaunta buku: waliohudhuria, 2.